Dawa ya Magesa Haipumzishwi

Kwenye machimbo ya Mawe Meupe, ukitoka kidogo nje ya Kharumwa, watu wakikutana asubuhi hawaulizani habari tu. Wanaulizana wameota nini.

Ndiyo desturi ya pale. Kabla mtu hajajifunga kamba na kushuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, anasimulia ndoto yake. Aliyeota ng'ombe wanakunywa maji ana bahati, huyo anatangulia. Aliyeota jino limeng'oka anabaki juu kuvuta kamba. Asiyeota kitu anatunga, maana nani anataka kubaki juu juani kutwa nzima? Nasibu, kwa mfano, anaota ng'ombe kila siku iendayo kwa Mungu. Hakuna anayemwamini, lakini anashuka.

Magesa peke yake alikuwa hasimulii kitu. Zamu yake ikifika alikuwa anasema, "Nimelala tu." Kisha anainamia kikombe chake cha uji.

Uji huo ulipikwa na mke wake, Euphrasia, ambaye alikuwa akiwauzia wachimbaji uji asubuhi na ugali mchana. Vumbi jeupe la mawe lilikuwa limemkaa kwenye nyusi, na mtoto wao Juliana alikuwa anamtania kwamba amezeeka kabla ya wakati. Walikuwa na nyumba ya matofali mabichi, shamba dogo la mpunga, na amani ambayo hawakuipata kirahisi.

Miaka mitatu nyuma Magesa aliugua. Alianza kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Ya kwanza ilikuwa sauti ya bibi yake mzaa baba, aliyemlea na ambaye alikuwa amefariki siku nyingi. Bibi alikuwa anamwita kwa Kisukuma, kwa upole, kama alivyomwita utotoni: ng'wana wane, mwanangu. Siku moja, wakiwa ndani ya duara, Magesa alinyoosha kidole ukutani. Akasema bibi ameniambia pigeni hapa. Wenzake wakapiga moko, ile patasi ya kuvunjia mwamba, na nyundo, na wakakutana na mwamba wenye dhahabu nyingi. Athanas, mwenye duara, akaezeka nyumba kwa bati jipya. Habari zikasafiri hadi Bulyanhulu, na zilivyorudi zilikuwa zimenenepa.

Kilichofuata hakuna aliyependa kukisimulia. Magesa aliacha kulala. Aliacha kuoga. Aliamini kwamba watu wanataka kumuua. Akatembea peku kuelekea Kagongwa, kwa wakwe zake, na kabla hajafika watu wa njiani walimfunga kamba wakidhani ni mwizi. Euphrasia alimkuta ana vidonda miguuni, na Magesa hakumtambua hata mkewe. Akampeleka hospitali. Huko waliambiwa jina la ugonjwa huo: skizofrenia. Ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aone visivyokuwepo, na aamini mambo yasiyo ya kweli. Alipewa vidonge vya kunywa kila jioni. Polepole sauti zikaenda mbali, na Magesa akarudi.

Siku aliporudi nyumbani, shemeji yake Enock alikuja kutoka Kagongwa. Alisema waziwazi, mbele ya wote. Mara hii wamevumilia. Hali ile ikirudi, atamchukua dada yake na mtoto. Magesa aliitikia kwa kichwa. Tangu hapo hakuna kitu alichokiogopa duniani kama kuiona nyumba yake haina Euphrasia na Juliana.

Alikunywa vidonge vyake. Lakini vidonge navyo vilikuwa na maudhi yake. Mikono yake ilitetemeka, uji ukamwagika, wenzake wakacheka. Shingo ilikuwa inakakamaa. Asubuhi usingizi ulikuwa unamng'ang'ania. Haya yote hakumwambia mtu. Aliona aibu, mwanaume mzima wa kazi, kwenda kulalamika kwamba kikombe kinamshinda.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia hata mkewe. Kichwa chake kilikuwa kimya sana. Alimkumbuka bibi.

Miaka mitatu ikapita, na duara la Athanas likakauka. Walichimba, wakaweka matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta zisiporomoke, wakachimba tena. Wakatoa mawe matupu. Asubuhi moja Athanas alimwita Magesa nyuma ya lundo la kifusi. Athanas si mtu mbaya, tuseme ukweli. Ila mtu akitafuta dhahabu muda mrefu bila kuipata, masikio yake husikia anachotaka.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe si umepona?"

"Nimepona, kaka."

"Sasa mtu aliyepona anakunywa dawa ya nini? Mimi malaria ikiisha, naacha vidonge."

Swali hilo Magesa alishajiuliza mwenyewe mara nyingi.

"Sisemi uziache," Athanas akaendelea, kwa sauti ya chini. "Zipumzishe kidogo tu. Tukiufikia mwamba, utaendelea. Bibi yako alituonyesha, ukumbuke. Hizo dawa ndizo zimemziba mdomo."

Kupumzisha. Neno lilikuwa laini, halimtishi mtu. Ng'ombe wa kulima anapumzishwa, shamba linapumzishwa, kwa nini dawa isipumzishwe? Jioni ile Magesa alitia kidonge mdomoni mbele ya mkewe, akanywa maji, akatoka uani, akakitema. Euphrasia hakuona kitu. Na kesho yake akafanya vilevile.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri kuliko kawaida. Mikono ilitulia. Shingo ikalegea. Usingizi mzito ukamwacha, na dunia ikamrudia na rangi zake zote. Magesa aliona vumbi la mawe likielea juani na kumetameta, akasimama kulitazama hadi Nasibu akamtania kwamba anasali. Alicheza na Juliana uani. Aliimba akivuta kamba. Euphrasia alimshukuru Mungu kanisani, hajui anachoshukuru.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, msomaji. Mtu akiacha dawa ya ugonjwa huu, ugonjwa haurudi siku hiyo hiyo. Maudhi ya dawa ndiyo huondoka kwanza. Mtu anajiona mzima, anacheka, anasema si unaona? Ugonjwa unachukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kisha unarudi kwa kunyatia.

Kwa Magesa ulirudi mchana wa jua kali. Alikuwa amekaa peke yake juu ya lundo la mawe, wenzake wako chini. Upepo ulikuwa unapita na kuinua vumbi, na vumbi lilikuwa linapanda taratibu hadi miti ikawa haionekani. Kila kitu kilikuwa cheupe. Machimbo yote yakanyamaza, hata karasha, ile mashine ya kusaga mawe, aliisikia kama inasaga ndani ya pamba. Ndani ya ule weupe akasikia mtu anamwita.

"Ng'wana wane."

Magesa alilia. Yalikuwa machozi ya furaha, na ni lazima tumwelewe. Mtu aliyekulea akuite tena baada ya miaka mitatu ya ukimya, utafanyaje? Bibi alisema amekuwa akimtafuta. Alisema duara lina mlango mwingine, na yeye anaujua.

Athanas alipoambiwa, alisugua mikono. Wakapiga pale bibi aliposema. Hakuna kitu. Bibi akahama, wakahama naye. Hakuna kitu. Walitoboa ukuta wa kusini, wakatoboa wa mashariki, wakavunja sehemu yenye matimba mazuri ambayo haikupaswa kuguswa. Nasibu, yule wa ng'ombe, akaanza kuogopa, akasema waziwazi kwamba sasa watafukiwa.

Kisha bibi hakuja peke yake. Nyuma yake walikuja wanaume wasio na majina. Hawakuwa wapole. Walizungumza juu ya Magesa kama hayupo: anavaa shati, anafunga mkanda, mjinga huyo, anakunywa uji wenye sumu. Magesa akaacha uji. Akaacha kulala. Akawa anamtazama Nasibu kwa jicho la pembeni, maana wale wanaume walimwambia Nasibu ana kisu. Nasibu maskini, ambaye hata kuku anaomba achinjiwe.

Euphrasia aliona. Mke anayekupikia huona mapema kikombe kikirudi kimejaa. Alimwona anaongea peke yake, anacheka pasipo na kitu cha kuchekesha, anavaa shati lile lile. Akamuuliza kama anakunywa dawa. Magesa akasema anakunywa. Euphrasia akawaza kumpigia nesi wa kituo cha afya, kisha akamfikiria kaka yake Enock, jinsi habari zinavyosafiri, na namna atakavyokuja na gari kuchukua vyombo. Akasubiri. Baadaye alisema kwamba kosa lake lilikuwa hilo, kusubiri.

Mchana mmoja alipeleka ugali kazini, asimkute mumewe. Wachimbaji walinyoosha mikono kuelekea upande wa mashimo ya zamani, yaliyoachwa tangu machimbo yalipoanza. Huko hakuna matimba tena. Kuna maji meusi chini, na kingo zake zinamomonyoka ukikanyaga.

Magesa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo moja, miguu inaning'inia ndani. Ubaridi ulikuwa unapanda kutoka chini na kumgusa nyayo. Alikuwa hajalala siku nyingi na mwili wake ulikuwa mwepesi, kana kwamba hauna mifupa. Chini kabisa maji yalikuwa yanaakisi kipande cha mbingu, na katika kile kipande bibi alikuwa anamwita. Alisema kule chini kumepoa. Alisema dhahabu iko hapa, na usingizi uko hapa. Shuka, mwanangu. Shuka.

Akasikia mtu anakaa kando yake. Hakusikia hatua, wala kelele. Alikuwa Euphrasia. Alikaa chini kwenye vumbi, mbali kidogo na ukingo, akashika upindo wa shati la mumewe kwa mkono mmoja. Nyuma yao, kwa mbali, Athanas na Nasibu walikuwa wamesimama kimya. Euphrasia alikuwa amewakataza kukimbia na kupiga kelele.

"Baba Juliana," akasema. "Unamsikiliza nani?"

"Bibi. Wewe humsikii?"

Euphrasia hakumcheka, wala hakumgombeza. Alitamani kulia lakini alijizuia.

"Mimi simsikii. Ila naona kwamba wewe unamsikia, na naona umechoka."

"Nimechoka," Magesa akasema. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa jambo la kwanza la kweli alilolisikia siku hiyo.

"Na mimi nimechoka. Siwezi kusimama. Nipe mkono uninyanyue, twende kwa nesi, tulale."

Magesa alimtazama mkewe, mwenye nyusi nyeupe za vumbi. Wale wanaume walikuwa wanamkataza. Bibi alikuwa anaita. Lakini mwanamke wake alikuwa ameomba mkono, na mkono huo alikuwa ameuzoea. Akatoa miguu shimoni, akainuka, akamnyanyua. Euphrasia akamshika kwa nguvu na hakumwachia tena.

Athanas alileta pikipiki yake. Walikwenda mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, Magesa katikati, hadi kituo cha afya.

Magesa alilazwa. Walimpa sindano, akalala usingizi ambao mwili wake ulikuwa unaudai. Siku zikapita kama mtu anavyopita ndani ya ukungu. Kuna wakati aliona dirisha, kuna wakati aliona uso wa Euphrasia, kuna wakati alisikia wale wanaume lakini wako ng'ambo ya ukuta, kisha ng'ambo ya barabara. Sauti ya bibi ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuondoka.

Kichwa kilipotulia, nesi Suzana, aliyesomea magonjwa ya akili, aliwakalisha wote watatu kwenye benchi la barazani: Magesa, Euphrasia na Athanas. Alisema hakuna atakayekaripiwa, ila anataka kujua ilikuwaje. Athanas akainamisha kichwa. Akasema ni yeye. Akaeleza yote, duara lililokauka, sauti ya bibi, na lile neno la kupumzisha. Akasema alidhani dawa ikishamponya mtu kazi yake imekwisha, kama ya malaria.

"Wengi wanadhani hivyo," Suzana akasema. "Malaria ni mgeni. Ukimpiga kwa dawa, anaondoka. Skizofrenia inakaa na mtu. Dawa haiung'oi ugonjwa huu, inautuliza. Ukiona Magesa mzima, anafanya kazi, anacheka na mtoto wake, si kwamba dawa haihitajiki. Ni kwamba dawa inafanya kazi."

Athanas alikaa akifikiri. Alikuwa mtu wa shimo, na alielewa mambo kwa njia ya shimo.

"Kwa hiyo ni kama matimba," akasema polepole. "Duara halijaporomoka, kwa sababu matimba yapo. Halafu mimi nimekuja nikasema, duara ni zima hili, toeni matimba."

"Ndivyo hasa," Suzana akasema.

Athanas akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akauliza kwa woga kidogo kuhusu bibi na mizimu, na ile dhahabu ya kwanza, maana ile dhahabu waliiona kwa macho. Suzana akasema mambo ya mizimu wawaulize wazee wao, yeye hana elimu hiyo. Anachojua ni kwamba Magesa akiwa na dawa analala, anakula na anamjua mwanawe, na asipokuwa nayo anakaa kwenye ukingo wa shimo.

Lakini Euphrasia alikuwa na jibu lake, na alikuwa amelitunza miaka mitatu.

"Kaka Athanas, mwaka ule Magesa aliwaonyesha sehemu ngapi? Mimi ndiye nilikuwa naleta ugali kila mlipohamia. Nilileta kule kwenye mchongoma, mkatoka kapa. Nilileta bondeni, mkatoka kapa. Nilileta karibu na karasha, hivyohivyo. Mara hii pia mmetoboa kuta zote. Mnaikumbuka ile moja tu iliyotoa. Zile nyingine mmezisahau, mimi miguu yangu inazikumbuka."

Nesi Suzana aligeuka pembeni kuficha kicheko.

Halafu akamgeukia Magesa. Akamuuliza, kwa nini na yeye alikubali? Magesa alitazama mikono yake. Safari hii akaamua kusema. Akaeleza kuhusu kikombe, shingo, usingizi wa asubuhi, na kucheka kwa wenzake.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Sista. Na mimi niliona haya."

"Basi tumekosea wote wawili," Suzana akasema. "Sasa sikiliza. Dawa hizi zinaweza kuleta hayo. Zinaweza pia kumnenepesha mtu au kumkausha kinywa. Si lazima uvumilie. Njoo utuambie. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kukuongezea kidonge cha kutuliza mtetemeko. Usichopaswa kufanya ni kuacha mwenyewe, kimyakimya."

Akamweleza kwamba kuna sindano anayoweza kuchomwa mara moja kwa mwezi badala ya kunywa vidonge kila jioni. Ikifika siku anakuja, anachomwa, anarudi kazini kwake. Kwa mtu anayesahau, au anayeshawishika, ni njia nzuri. Akasema dawa hizi si ulevi na hazimfanyi mtu mtumwa. Lakini gongo na bangi akae navyo mbali, kwa sababu vinauamsha ugonjwa. Anywe maji ya kutosha kwenye jua kali. Na mpaka mwili uzoee, asishuke duarani.

"Mpaka lini, Sista?" Magesa akauliza. "Hiyo sindano."

"Miaka mingi. Kwa wengine ni maisha yote. Ikifika siku ya kupunguza, daktari atapunguza taratibu, sisi tukiangalia. Hiyo siku haipangwi na mwenye duara."

Mwishoni akawaambia dalili za kuangalia: usingizi kupotea, kujitenga, kuongea peke yake, kukataa chakula kwa hofu ya sumu. Mkiona hata moja, akasema, njooni siku hiyo hiyo. Msisubiri aibu iishe. Euphrasia aliitikia, macho yamemjaa machozi.

Daktari alimpangia Magesa sindano ya kila mwezi, kwa kipimo kilichomfaa zaidi. Mikono ilitetemeka kidogo mwanzoni, akasema mapema, akasaidiwa, ikatulia. Akaachana na kazi ya chini. Jicho lake la kutambua mawe lilikuwa zuri, kwa hiyo Athanas alimpa kazi ya kuchagua mawe juu, na mvua zilipoanza alilima mpunga wake. Pale kazini ndoto bado wanasimuliana, maana desturi haifi kwa siku moja. Ila Athanas siku hizi akimaliza kusikiliza ndoto, anashuka mwenyewe kwanza na kugonga matimba, moja baada ya jingine. Nasibu anasema ng'ombe wake wamekosa kazi.

Enock alikuja kutoka Kagongwa, kama ilivyotarajiwa. Habari zilikuwa zimemfikia. Alikuja na gari la kukodi, uso umekunjamana. Alimkuta shemeji yake yuko kwenye jaruba, matope hadi magotini, anapandikiza mpunga. Magesa aliinuka, akamwamkia, akamuuliza habari za wazee. Waliongea juu ya mvua. Enock alimtazama muda mrefu. Kisha akamfuata dada yake jikoni na kumwambia afungashe vitu, watu wa kwao wameamua.

"Kaka, nakuheshimu," Euphrasia akasema. "Lakini huyu si mwehu wa kukimbiwa. Ni mgonjwa mwenye dawa, kama baba yetu na sukari yake. Mbona mama hamkumwambia aondoke? Ukitaka kunisaidia, mpigie simu siku ya sindano inapokaribia. Umkumbushe kiume."

Gari lilirudi Kagongwa tupu. Na Enock, tumpe haki yake, anapiga simu kila mwezi, na wakati mwingine anapiga mapema mno hadi Magesa anacheka.

Lakini hadithi haijaisha, kwa sababu Magesa bado alikuwa na huzuni yake. Alimwambia Suzana mara moja, wakati anachomwa. Alisema anashukuru, analala, nyumba yake ipo. Ila kila akikumbuka kwamba bibi alimwita na yeye akamzima kwa sindano, anajiona msaliti. Suzana alimwambia kwamba dawa inazima sauti za ugonjwa, haigusi kumbukumbu. Akamwambia amkumbuke bibi yake kadiri apendavyo, kwa sauti, mbele ya watu wa nyumbani.

Magesa hakujua aanzie wapi. Ni Juliana aliyeanza. Alasiri moja walikuwa uani wanamenya karanga, wote watatu, anga limejaa mawingu na hewa imetulia kabisa. Mtoto akauliza, bibi yule wa baba alikuwa mtu wa namna gani? Mikono ya Euphrasia ilisimama.

Magesa akavuta pumzi. Akasema alikuwa mrefu, na alikuwa anasukasuka maziwa kwenye kibuyu huku anaimba, na wimbo ukiisha siagi ilikuwa tayari. Alikuwa mkali kwa mbuzi na mpole kwa watoto. Kadiri alivyoongea, bibi alimjia vizuri zaidi, uso wake, ugoro wake, vidole vyake virefu. Akasimulia kuhusu mlango. Alipokuwa kijana alitaka kwenda machimboni na wenzake, na bibi akaja akakaa kwenye kizingiti, akanyoosha miguu, akazuia mlango. Alikaa hapo kutwa. Maana mtoto wake, baba yake Magesa, alifukiwa duarani, na hawakumpata. Bibi hakukubali hata kupita karibu na machimbo. Magesa hakushika moko mkononi mpaka bibi alipozikwa.

Aliposema hivyo, karanga ilibaki katikati ya vidole vyake.

"Bibi hakuwahi kuniambia nishuke," akasema. "Hata mara moja. Alikuwa anaogopa shimo kuliko kitu chochote."

Euphrasia alimtazama. "Basi aliyekuita siku ile hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye," Magesa akasema. "Yeye angekaa pale kwenye ukingo, anizuie. Kama ulivyokaa wewe."

Akalia kidogo, na hakujificha. Juliana alimsogelea akamwekea kichwa begani, kisha akauliza wimbo wa maziwa ulikuwa unaimbwaje. Magesa akauimba. Maneno mengine alikuwa ameyasahau, akayaruka.

Kesho yake ilikuwa siku ya sindano. Magesa aliamka mapema, akaoga, akavaa shati safi, na kabla simu ya Enock haijaita alikuwa tayari yuko njiani kuelekea kituo cha afya.